Uzi Unaokatika: Uchambuzi wa Kisa cha Mkulima wa Njabini na Gurudumu Lake la Kusokotea Sufu

Malalamiko yalikuwa matatu. Uzi ulikatika karibu na mdomo wa gurudumu, lile tundu ambamo uzi huingilia, na ncha yake ikamezwa na bobini. Usipokatika, ulijikunja wenyewe ukawa vikunjo vikunjo ambavyo havikunyooka hata ukiuvuta kwa mikono miwili. Na pale ulipokubali kunyooka, ulitoka mnene hapa na mwembamba kule, kiasi cha kukosa sindano ya kufumia inayoufaa.

Mwenye malalamiko ni mama aliyepita miaka hamsini, mkulima wa viazi na kabichi upande wa Njabini, Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua. Ana ng'ombe wa maziwa na kondoo wachache wenye damu ya Corriedale. Alikuwa akijifunza kusokota peke yake, jioni baada ya kukamua, kwa kutazama video kwenye simu ya bintiye. Alipoomba msaada hakusema kwamba gurudumu lina shida wala kwamba sufu ina shida. Alisema, "Mwalimu, mikono yangu imezoea jembe. Kazi hii imeikataa."

Nimefundisha kusokota muda wa kutosha kujua kwamba maneno hayo hutangulia karibu kila mara, na karibu kila mara yanaanzia mahali pasipo. Kisa chake nakiandika kwa urefu kwa sababu kinaonyesha vizuri utaratibu ninaoutetea: chunguza sufu kwanza, gurudumu pili, mikono mwisho. Video nyingi huanza na mikono, na zina sababu. Mwalimu aliyeko Uingereza au Marekani anafungua mfuko wa sufu iliyokwisha oshwa, kupangwa na kuchanwa kiwandani, kisha anaketi mbele ya gurudumu lililotoka kiwandani pia, vipimo vyake vinajulikana. Kilichobaki kufundishwa hapo ni vidole tu. Mama wa Njabini alikuwa na gunia la manyoya yaliyotoka mgongoni mwa kondoo moja kwa moja, na gurudumu ambalo hakuna mtu aliyewahi kulipima.

Alichokuwa nacho

Gurudumu lilitengenezwa na fundi seremala kwa kuiga picha. Alitumia rimu ya baiskeli ya inchi 26, akaisimamisha juu ya fremu ya mbao ya saipresi, akaiunganisha na pedali moja kwa mkono wa chuma. Kazi nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kuona gurudumu halisi likizunguka. Ukanda wa kamba unatoka kwenye rimu kwenda kwenye puli ndogo ya mbao, na puli hiyo imeshikamana na uma wenye kulabu kando kando. Ndani ya uma, kwenye mhimili huohuo, imevaa bobini inayozunguka kwa uhuru wake. Juu ya bobini imepita kamba nyembamba iliyofungwa kwenye kipande cha mpira wa tyubu: hiyo ndiyo breki.

Asiyejua namna vitu hivi vinavyosaidiana hataelewa kilichoharibika, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Unapokanyaga pedali, uma unazunguka na kila mzunguko wake unautia uzi msokoto mmoja. Ukiwa umeushika uzi mkononi, uzi wenyewe unaiburuta bobini izunguke sambamba na uma, na hakuna kinachojiviringa. Ukiulegeza uzi uende, breki inaizuia bobini, uma unaendelea kuizunguka, na uzi unavutwa ndani na kujipanga. Yaani uma unasokota na breki inavuta. Uwiano wa kazi hizo mbili ndio unaoamua uzi utakuwaje, hata kama vidole ni vya malaika.

Sufu ilikuwa magunia mawili, kila gunia manyoya ya kondoo mmoja. Corriedale ni aina iliyopatikana New Zealand na Australia katika karne ya 19 kwa kuchanganya Merino na Lincoln. Unywele wake una unene wa kati, mikroni 25 hadi 31 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati Merino huwa chini ya 24. Kwa anayeanza ni sufu ya kufaa sana: si laini mno hata iteleze, si ngumu mno hata ichome shingo. Kwa maneno mengine, aina ya kondoo haikuwa na hatia.

Chombo cha kuchania kilikuwa brashi mbili za waya za kuchania mbwa, zilizonunuliwa duka la agrovet. Watu hucheka wakisikia. Mimi sicheki, zinafanya kazi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na brashi halisi za sufu zinazoagizwa kutoka nje.

Ushauri aliokuwa amepewa

Alikuwa ameshaulizia kwa wengine kabla. Jibu alilopewa kuhusu uzi kukatika lilikuwa: legeza breki, inavuta kwa nguvu mno. Akalegeza. Uzi ukaendelea kukatika, akalegeza tena, mpaka kipande cha tyubu kikawa kinaning'inia bila kazi. Jirani mmoja alimwambia mchagua jembe si mkulima, akaze roho tu. Methali hiyo naiheshimu shambani. Kwenye kusokota imepoteza watu wengi, maana anayejifunza na chombo kisichopimwa hana namna ya kujua kosa ni la nani, na mwishowe hujihukumu mwenyewe.

Ushauri wa breki ulikuwa na mantiki yake, ndiyo maana ulidhuru. Ni kweli breki ikikaza mno, uzi mwembamba hunyofolewa mkononi. Lakini breki ikilegea mno, uzi hauingii. Umesimama pale mdomoni na uma unaendelea kuzunguka, kila mzunguko unaongeza msokoto juu ya msokoto. Uzi uliokazwa kupita kiasi hujikunja, vikunjo hunasa kwenye kulabu, vikinasa uzi hukatika. Naye akiona umekatika, analegeza breki zaidi. Dawa ilikuwa inazidisha ugonjwa, na dalili mpya ikawa inafanana kabisa na ile ya kwanza.

Hata hivyo breki haikuanzisha tatizo. Kabla ya kuilegeza, uzi tayari ulikuwa unakatika. Kwa nini?

Ushahidi uliokuwa kwenye mfuko wa unga

Mama huyu hatupi kitu. Vipande vyote vilivyokatika alivikusanya kwenye mfuko wa unga wa ngano akifikiri atajazia mto. Mfuko huo ulikuwa na thamani kuliko maelezo yote.

Uzi hukatika kwa namna mbili, na ncha zake hueleza ni ipi. Uzi ambao haukupata msokoto wa kutosha hauvunjiki. Nywele zake huteleza na kuachana taratibu, na ncha inabaki ndefu, imechongoka, nywele zote zikiwa nzima. Uzi ambao nywele zake zenyewe zimevunjika huacha ncha fupi, butu, kama iliyokatwa kwa mkasi usio mkali. Vipande vya mfukoni vilikuwa butu karibu vyote. Nikafungua msokoto wa vipande kadhaa na kuvuta nywele moja moja juu ya kitambaa cheusi. Zilikuwa na urefu wa sentimita 4, nyingine 5. Tukachukua kishungi kizima, yaani fungu dogo la nywele zilizoota pamoja, kutoka gunia lilelile, tukakipima kutoka kwenye ncha hadi mahali mkasi ulipopita: sentimita 9.

Nne na tano ni tisa. Nywele zilikuwa zinavunjika, na zote zilivunjikia mahali pamoja.

Kuna jaribio la zamani la kuthibitisha hilo, na halihitaji kifaa chochote. Unachukua kishungi chembamba, unakishika ncha hii na ncha ile, unakisogeza karibu na sikio na kukivuta kwa ghafla mara kadhaa. Sufu nzima hulia mlio safi na kubaki ilivyo. Sufu yenye udhaifu hutoa mlio wa kukwaruza, kisha huachana. Kishungi cha gunia la kwanza kiliachana mara ya pili, sentimita 4 kutoka kwenye ncha. Kingine vilevile. Cha gunia la pili kililia na hakikuachana.

Sufu huota kutoka kwenye ngozi, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu ya zamani zaidi na mahali pa mkasi ndipo papya. Kondoo huyu hunyolewa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba. Ukigawa sentimita 9 kwa miezi 12 unapata robo tatu ya sentimita kwa mwezi, na sentimita 4 kutoka kwenye ncha inakupeleka miezi mitano na kidogo baada ya kunyolewa. Hesabu ya mkato, kwa maana sufu haioti kwa kasi moja mwaka mzima, lakini inatosha kuuliza swali: Aprili kondoo huyu alipatwa na nini?

Mama hakuhitaji kufikiri. Mvua ndefu, alisema, jike alizaa mapacha na hapohapo akapigwa na minyoo mpaka taya ikavimba. Alikaribia kumpoteza.

Basi. Mnyama aliyezaa, anayenyonyesha wawili na kunyonywa damu na minyoo hana chakula cha kupeleka kwenye manyoya. Unywele uliotoka ngozini wiki zile ulikuwa mwembamba, na alipopona ukarudi unene wake. Kidonda kile kiliendelea kuota pamoja na sufu yote, kikapanda juu miezi yote iliyofuata, hadi kikafika kwenye gurudumu kikiwa katikati ya kila kishungi. Unaweza kuwa na mikono ya fundi aliyezeeka katika kazi na bado uzi huo utakatika.

Hapa pia ndipo lilipofumbuka jambo alilolitaja kama utani: bobini yake ya kwanza kabisa, alipokuwa hajui chochote, ilikuwa afadhali kuliko zote zilizofuata. Ilisokotwa kutoka gunia la pili. Mikono ni ileile, na kama kuna tofauti ilikuwa na uzoefu mdogo zaidi. Kilichobadilika ni kondoo.

Baridi, mafuta, na jiko

Gunia la pili lilikuwa zima, lakini nalo lilikuwa gumu kuvutika, na kulikuwa na kidokezo kingine alichokuwa nacho bila kukitumia. Asubuhi kazi haiendi kabisa, alisema. Jioni akiketi karibu na jiko, mambo huwa nafuu. Alidhani ni kwa sababu asubuhi ana haraka.

Sufu mbichi ina mafuta ya kondoo, lanolini, yanayoanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 38 hadi 40 hivi, karibu na joto la mwili wa mnyama mwenyewe. Kinangop iko juu, kwenye mita 2,500 hivi, na asubuhi za Julai huko hazina huruma. Katika baridi hiyo mafuta huganda na nywele hushikana. Ukivuta, badala ya nywele chache kuteleza, kinakuja kibonge kizima, halafu nyuma yake panabaki pembamba. Ule unene na wembamba aliokuwa akiulaumu mkononi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mafuta yaliyoganda. Wapo wanaosokota sufu na mafuta yake kwa makusudi, na hutoka uzi unaokinga manyunyu. Ila hao huifanya ingali mbichi kabisa, katika joto, au huiotesha moto kwanza. Sufu iliyokaa gunia miezi kadhaa ni habari nyingine.

Uamuzi ukawa kuiosha. Alikuwa na hofu ya kuigandisha iwe blanketi gumu, na hofu hiyo ina msingi. Sufu hugandamana inaposuguliwa ikiwa imelowa na ina sabuni, au inapotolewa kwenye maji moto na kutumbukizwa ghafla kwenye baridi. Maji moto peke yake, yaliyotulia, hayaidhuru.

Alifanya hivi. Kwanza alitoa sehemu chafu za tumbo na mkiani na kuziweka kwenye mbolea. Akalowesha iliyobaki usiku kucha katika maji baridi, nusu kilo kwa beseni, ili jasho na udongo vitoke. Maji hayo yana chumvichumvi za potasi kutoka kwenye jasho la kondoo, akayamwagia sukuma. Kwa mafuta yanahitajika maji ya nyuzi 60 au zaidi kidogo, na hana kipimajoto. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kabla ya kufika 100, kwenye 92 hivi. Sufuria mbili za maji yanayochemka kwa sufuria moja ya maji baridi ya tangi hukupa karibu 65, na beseni lenyewe likishanyonya joto lake unabaki pazuri. Sabuni ni ile ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ya unga ya kufulia niliikataza, kwa sababu magadi yake na vimeng'enya vya kuondoa madoa huila sufu pia. Anaizamisha kwa kijiti, anaiacha robo saa, anainyanyua kwa wavu kabla maji hayajapoa, anarudia, kisha anasuuza kwa maji yenye joto lilelile. Hakuna kukamua kwa kusokota. Inakaushwa kivulini juu ya chekecheke.

Gharama yake ni kuni, na hili si dogo. Nusu kilo ya sufu mbichi ilimwachia gramu 300 hivi safi. Kwa hiyo hakuosha gunia zima. Aliosha ya kutosha kujifunzia, mabega na mgongo tu, sehemu zenye unywele mzuri kuliko nyingine.

Gurudumu kupimwa

Nilichukua utepe wa fundi cherehani. Mahali ukanda unapokaa kwenye rimu, kipenyo ni sentimita 56. Puli ya uma, sentimita 4. Gawa: kila unapokanyaga pedali mara moja, uma unazunguka mara 14. Hiyo ni kasi ya msokotaji mzoefu anayetaka uzi mwembamba. Fundi hakukosea kwa uzembe. Hakuna aliyemwambia kwamba ukubwa wa puli ni uamuzi.

Tulimtazama mama akisokota bila kumwambia abadilishe kitu. Ili kutoa sentimita 20 za uzi alikanyaga mara 10 hivi, kwa kuwa vidole bado vilikuwa vinatafuta njia. Mara 10 kwa 14 ni misokoto 140 katika sentimita 20, yaani 7 kwa kila sentimita. Uzi wa sweta alioutaka unahitaji kama 2. Ongeza breki isiyovuta, na misokoto inazidi hapo.

Watu humwambia mwanafunzi apunguze mwendo wa mguu. Ni rahisi kusema. Pedali ikienda polepole mno, gurudumu husimama na mara nyingi hurudi nyuma, na anayeanza huchanganyikiwa zaidi. Afadhali kubadilisha puli. Fundi alichonga nyingine ya sentimita 8, na uwiano ukashuka hadi 7 kwa 1. Kwa kanyago zilezile 10, misokoto ikawa 70 katika sentimita 20, yaani 3 na nusu kwa sentimita. Bado imezidi, lakini ni uzi sasa, si kamba ya kufungia ndama. Na vidole vikizoea hadi kanyago 6, inakuja yenyewe kwenye 2 na kidogo. Ukanda ulibidi urefushwe, jambo ambalo fundi alilisahau na tukalitatua kwa kuunga kipande.

Breki ikarudishwa kazini. Kipimo chake hakina namba. Unakaza taratibu mpaka uzi unapovuta kidole kwa upole ukiulegeza, na unasimama ukiushika. Bobini ikijaa inahitaji kukazwa kidogo zaidi, na hili halikuwa kwenye video yoyote aliyoiona, au lilisemwa kwa haraka. Kulabu mbili zilikuwa na makali ya waya uliokatwa, zikapigwa msasa. Mdomo wa gurudumu pia.

Mikono, hatimaye

Sasa ndipo palipokuwa na haki ya kuitazama mikono, na ikaonekana haikuzoea jembe tu. Mama mkwe wake alikuwa msusi wa viondo, naye alimfundisha akiwa mke mgeni kusokota kamba za mkonge pajani. Kazi hiyo ni kusokota kwa maana kamili: nyuzi mbili zinaviringishwa chini kwa kiganja, kila moja inapata msokoto wake, kisha zinarudishwa juu pamoja na kujisuka. Mwanamke anayejua hivyo anajua zaidi kuhusu uzi kuliko wengi wanaonunua gurudumu la bei ghali.

Ila mkonge una unywele wa karibu mita nzima. Unaweza kuubana kwa nguvu, mikono ikiwa imekaribiana, na bado ukavutika, maana ncha ya pili ya unywele iko mbali. Tena mkonge unataka msokoto mkali, na kamba iliyolegea ni aibu. Alivileta vyote viwili kwenye sufu. Mikono yake ilikaa umbali wa sentimita 6 tu, ikibana. Kwenye sufu ya sentimita 9 maana yake ni kwamba mkono wa kushoto umeshika mwanzo wa unywele na wa kulia umeshika mwisho wa unywele uleule. Hapo hata uvute vipi hakuna kitakachoteleza: kitakatika, au kitang'oka kibonge.

Hakuhitaji kufundishwa upya. Alihitaji kuambiwa tofauti ya urefu, na akaielewa kabla sijamaliza, kwa kuwa alijua mkonge. Akasogeza mikono hadi kama sentimita 12, akawa anavuta nusu ya urefu wa kishungi kwa mara moja, akilegeza mkono wa nyuma. Alisema ni kama kumshika kifaranga, na picha hiyo sasa naitumia kwa wengine.

Mazoezi yalikuwa machache. Kukanyaga pedali bila sufu huku anachambua maharagwe, ili mguu usihitaji akili. Kisha kusokota kwa kusimama: anakanyaga mara chache, anasimamisha gurudumu, anavuta sufu huku msokoto umezuiwa kwa vidole vya mbele, anauachia msokoto uingie, anakanyaga tena. Ni polepole, na vijana hulichukia zoezi hili, lakini linatenganisha kuvuta na kusokota mpaka kila kimoja kieleweke. Msokoto ukipenya na kuingia kwenye sufu kabla haijavutwa, umeshaifunga. Ufumbuzi ni kuufungua kidogo kwa kuviringisha uzi kinyume kati ya vidole, si kuvuta kwa nguvu.

Na kila baada ya muda, jaribio: kuchukua uzi uliotoka sasa hivi, kuukunja ujisuke wenyewe, na kuutazama. Hivyo ndivyo utakavyokuwa ukishaunganishwa nyuzi mbili. Alipopata kipande kilichompendeza alikifunga kwenye mguu wa gurudumu, akawa analinganisha nacho.

Palipofikia

Uzi uliacha kukatika siku alipoacha gunia la kwanza. Naliweka hilo mbele kwa sababu puli, breki na mikono vilikuja baadaye na vingeweza kujipatia sifa isiyo yao. Vikunjo viliisha kwa puli na breki. Unene na wembamba ulipungua kwa kuosha, ukapungua tena kwa kusogeza mikono, na haujaisha. Sidhani uishe haraka, wala hauna ubaya sana: nyuzi mbili zikisukwa pamoja kinyume cha upande wa kwanza, mwembamba wa huyu hukutana na mnene wa yule na macho hayaoni. Baada ya kusukwa, uzi uliloweshwa, ukaning'inizwa ukauke, na kofia mbili zimeshafumwa. Moja inavaliwa shuleni.

Gunia la kwanza halikutupwa. Nywele za sentimita 4 na 5 zinaweza kuchanwa na kusokotwa zikiwa fupi hivyohivyo na mtu mwenye uzoefu, ila nilimshauri asijifunzie nazo. Zitajazia mito, na ile hesabu ya mfuko wa unga imekuwa kweli.

Lililo gumu zaidi ni la nyumbani. Mumewe anataka wahamie kwa Dorper, kama walivyofanya majirani wengi. Dorper alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, ambaye licha ya jina lake asili yake ni Somalia. Anakua haraka, ana nyama, na manyoya yake machache hupukutika bila kunyolewa. Kwa mtu anayeuza sufu mbichi kwa bei anayotaka dalali, hoja ya mume haina jibu, na sikujaribu kumjibu. Sufu inaanza kulipa ikishakuwa uzi, au afadhali zaidi kofia, na hapo inategemea saa za jioni za mtu mmoja. Wamekubaliana kubaki na majike wawili wa sufu, akiwemo yule aliyeugua, na dume la Dorper kwa ajili ya nyama. Watoto wa dume huyo hawatakuwa na manyoya ya kusokota, kwa hiyo wakihitaji jike mwingine wa sufu watamtafuta nje.

Dawa ya minyoo mwaka huu ilitolewa mwanzo wa mvua ndefu, kabla ya kuzaa, na vishungi vya jike yule vitajaribiwa tena sikioni Novemba, siku ya kunyoa, kabla havijaingia gunia. Fundi ameshapewa vipimo vya bobini ya tatu.